Shakwe Hafuliwi

Kina mama wenzangu, nawaandikia hili mapema, mkiwa bado na nafasi. Kama una mtoto ndani ya nyumba anayependa ndege, na siku moja ukakuta mezani kwake ndege wa mbao mchafu, mwenye mabaka ya kahawia kuanzia kichwani mpaka mkiani kama aliyeburutwa kwenye tope, usimguse. Usichukue brashi wala beseni. Kaa chini, kunja mikono, msubiri mwenye ndege wake arudi umuulize. Mimi sikuuliza.

Kazi yangu ni kufua. Nafua mashuka na vitambaa vya meza vya nyumba ya wageni iliyoko mtaa wa nyuma yetu, na kazi hii ikishakuingia mwilini haikutoki. Nikialikwa harusini simwangalii bibi harusi usoni, naangalia pindo la gauni lake, limepita wapi na limekanyaga nini. Doa kwangu ni kama mtu aliyenitukana njiani. Siwezi kupita nikanyamaza.

Binti yangu anauza vipuri vya baiskeli. Dukani anaongea kidogo, nyumbani anaongea kidogo zaidi. Sauti yake ni ndogo tangu utotoni, redio ikiwa imewashwa humsikii. Shuleni walimwita Betri Imekwisha. Nimehangaika na sauti hiyo jamani. Nimempa asali, nimempa tangawizi, nikamwambia aimbe bafuni ili kifua kifunguke. Akaimba kweli, mimi nikaenda kugonga mlango kuuliza kama amezimia, maana sikusikia kitu.

Halafu akapata ndege. Hapa kwetu kuna kikundi cha watu wanaotembea ufukweni mara moja kwa mwezi na darubini shingoni, wanajifunza kutofautisha shakwe. Shakwe ni wale ndege weupe wanaopiga kelele kama bawaba ya mlango isiyotiwa mafuta. Mimi nilijua shakwe ni shakwe.

"Wako aina kwa aina, Mama," aliniambia.

"Si wote weupe?"

"Ndiyo maana inabidi kujifunza."

Nikamwacha, lakini kila siku ya matembezi sikukaa kwa raha. Bahari ni bahari. Mtu anatazama juu, wimbi linamjia chini. Nilimfungia kofia, nikamfungia sweta, nikamfungia filimbi ya kupuliza akizama. Filimbi nilikuja kuikuta chini ya godoro.

Mwenye kikundi hicho ni daktari wa meno. Mwanamke mrefu, rangi nyekundu ya mdomo haimtoki hata alfajiri, na amezoea kuwaambia watu wafanye hiki na kile wakiwa hawawezi kumjibu. Mwaka huu anahamishia kliniki yake mji mwingine. Kwa hiyo akamwita binti yangu akamwambia maneno ambayo binti alikuja kunirudilia neno kwa neno, akiwa amesimama mlangoni na viatu mkononi:

"Jumamosi utaongoza wewe. Mimi nitatembea nyuma nimefunga mdomo. Nikilazimika kuufungua ili nikusaidie au nikusahihishe, hata kwa neno moja, basi hujawa tayari. Nitaondoka na darubini kubwa na matembezi ya shakwe yatakuwa yamekwisha. Nisipoufungua, darubini ni yako na matembezi ni yako."

"Na wewe umesemaje?" nikamuuliza.

"Nimesema ndiyo."

"Amesikia?"

"Nilisema mara mbili, Mama."

Sijawahi kumwona mtoto huyu anataka kitu namna ile. Tangu mdogo ukimuuliza anataka viatu gani atakwambia vyovyote. Lakini siku hiyo macho yalikuwa yanawaka, na mimi hofu yangu yote ya mawimbi ikahama ikaenda kukaa kwenye mdomo wa daktari.

Alijiandaa kwa akili. Alijua hawezi kuongea mbele za watu, kwa hiyo akaamua vitu viongee badala yake. Fundi seremala jirani yetu alimpa vipande vya mbao, akachonga shakwe wanne, kila mmoja ukubwa wa kuku, na kila akirudi kazini akawa anakaa nao na visahani vyake vya rangi. Mimi sikumwingilia. Mama mwenye busara haingilii. Niliingia Ijumaa mchana, mtoto akiwa dukani, kufagia tu.

Ndipo nikawaona mezani, wamepangwa mstari. Wa kwanza alikuwa safi, mweupe, mgongo wa kijivu, roho ikatulia. Wa pili alikuwa na uchafu kidogo mkiani. Wa tatu uchafu ulikuwa umemfika kifuani. Wa nne, Mungu wangu, alikuwa kahawia mwili mzima, madoa, michirizi, mdomo mweusi kama aliyekula makaa. Nikasema maskini mwanangu, amehangaika nao, halafu hawa watatu wameingiwa na ukungu, na kesho ndiyo siku yake. Atawatoa mbele za watu hivi? Na yule daktari aliyezoea kutazama uchafu wa watu kwa taa?

Ile kazi ya nyumba ya wageni ilikuwa kwenye kona, fungu zima. Walikuwa na mkutano pale, wageni wamemwaga kahawa kama wanaomwagilia bustani. Nikasema itasubiri. Nikaweka maji ya moto kwenye beseni, sabuni ya unga, brashi ngumu ya kola za mashati, nikaanza na yule wa nne. Maji yakageuka kahawia nikafurahi, maana mfuaji akiona maji yamechafuka anajua kazi inakwenda. Huyo alinitoa jasho kweli kweli. Chini ya mabawa madoa yalikuwa yameshika, nikamalizia kwa dawa ya kung'arisha. Nilipomaliza wote wanne walikuwa weupe pepepe, wanang'aa kama sahani. Nikawafunika kitambaa safi ili asubuhi awafunue apate furaha kabla hajatoka.

Basi asubuhi akawafunua.

"Mama."

"Naam, mwanangu."

"Watoto wako wapi?"

"Watoto wa nani?"

"Shakwe wa mwaka wa kwanza. Na wa mwaka wa pili. Na wa tatu."

"Si hao hapo? Wametakata. Huyo mmoja alinisumbua, lakini nilimwambia leo ni mimi na wewe."

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga kelele. Alikaa kitandani, shakwe mweupe magotini, akanieleza taratibu. Shakwe mkubwa hatoki kwenye yai mweupe. Mwaka wake wa kwanza ni wa kahawia, mabaka mwili mzima. Anabadilisha manyoya, mwaka wa pili weupe unaanza kuingia, wa tatu unazidi, wa nne ndipo anafanana na mzazi wake. Na watu karibu wote wakimwona yule wa kahawia wanadhani ni ndege mwingine kabisa.

"Hilo ndilo somo la leo, Mama. Ndilo lote. Nilikuwa niwapange mchangani wajionee. Sasa itabidi nieleze kwa maneno."

Akasema "kwa maneno" na sauti ikamfia hapo hapo.

"Lakini si ungeandika tu usioshe?"

"Nani anaandika usioshe juu ya ndege?"

Rangi zilikuwepo, lakini hata angepaka muda ule zisingekauka. Nikaanza kulia, maana mmoja wetu ilibidi alie na yeye alikuwa amegoma. Nikasogea kwenye kona nichukue kitu cha kujifutia machozi, nikavuta kitambaa cha meza kwenye lile fungu.

"Mama, simama hapo hapo."

Nikasimama.

"Hicho kitambaa kimefanya nini?"

"Kahawa. Tena kahawa nzito ile. Imelala humu tangu juzi, na nisipokiloweka sasa hivi..."

"Usikifue."

Neno hilo halijawahi kusemwa ndani ya nyumba yangu. Nilidhani mtoto ameumwa. Lakini yeye alikuwa ameshapiga magoti kwenye kona, anatupa mashuka huku na huku kama mtu anayetafuta pete. Kile cha meza chenye kahawa mwili mzima akakiweka kando. Shuka moja lililomwagikiwa nusu akaliweka juu yake. Shuka lingine lenye doa upande mmoja, kwenye pindo tu. Kisha akachukua shuka safi kabatini na blanketi langu la kijivu.

"Mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu, mzazi," akasema. Na akacheka. "Mama, kwa mara ya kwanza nashukuru hujamaliza kazi."

Sikujua kama nimesifiwa au nimetukanwa. Ila nilimwambia wazi, mashuka ya watu hayaendi baharini bila mimi. Likipotea moja mwenye nyumba ya wageni atanila mzima. Kumbe ukweli ni kwamba nilitaka kuuona ule mdomo kwa macho yangu.

Ufukweni tulikuta watu wamefika. Wapo ninaowakumbuka vizuri. Alikuwepo dereva wa teksi ambaye kila kitu anakijua kabla hakijasemwa. Alikuwepo mke wa mchinjaji, mnene, mcheshi, kofia kubwa kama sinia. Alikuwepo kinyozi, mwenye sauti ya kuita wateja kutoka ng'ambo ya barabara. Daktari wa meno alisimama nyuma ya wote, mikono mfukoni, midomo yake myekundu imefungwa kama pochi.

Binti akaanza. "Jambo la kwanza, tafadhali, hakuna chakula. Shakwe wakiona chakula wanafanya fujo na hatutaona kitu."

"Anasemaje?" akauliza dereva.

"Anasema hakuna chakula!" akapaza kinyozi.

Mimi nilisikia. Lakini nilichukulia kwamba anawaambia wale wengine. Mfukoni nilikuwa na vipande vya mkate vyenye siagi, maana mtoto alikuwa ametoka bila kunywa hata chai, na mama hawezi kuambiwa hakuna chakula kama vile ni mgeni.

Kisha akafungua mfuko wa nguo. Watu wakanyoosha shingo. "Naomba watu wanne wawe shakwe," akasema.

Nikaona anataka kumpa mke wa mchinjaji kile kitambaa kibaya kuliko vyote. Hapana. Mtu mgeni avae uchafu uliopita mikononi mwangu bila kufuliwa? Nikakinyakua nikajifunga mwenyewe, mabegani mpaka magotini, kahawa mbele na nyuma.

"Huyu," akasema binti, na nikaona anauma mdomo asicheke, "ana mwaka mmoja."

Watu wakaangua kicheko. Mke wa mchinjaji akaniambia, "Hongera mama, umekua haraka!" Yeye akawa wa mwaka wa pili. Kinyozi akavaa lile shuka la mwaka wa tatu, akawa anatembea anatikisa doa lake nyuma kama mkia. Wa nne ndiye aliyebaki. Binti akachukua shuka jeupe na blanketi, akapita katikati ya watu wote, akaenda mpaka nyuma kwa daktari.

"Daktari, tafadhali. Mdomo wa shakwe mkubwa una doa jekundu, na leo ni wewe tu uliyenalo."

Daktari akainua nyusi. Akatazama blanketi, akamtazama binti. Halafu akageuka, akapewa shuka, akapewa blanketi mgongoni, akaja kusimama mwisho wa mstari pembeni ya kinyozi bila kusema hata fyoko.

Basi somo likaingia lenyewe. Watu walituzunguka, wakawa wanatutazama kutoka kwangu kwenda kwa daktari, na kurudi. Mzee mmoja wa pembeni alikuwa anasema, "Kumbe ni huyo huyo! Kumbe ni huyo huyo!" Na kwa kuwa sauti ya binti ni ndogo ilibidi wasogee karibu, na waliposogea hakuna aliyepiga soga na mwenzake, wote kimya, masikio nje. Sijui kwa nini miaka yote hiyo nilimnywesha tangawizi.

Tukaanza kutembea kuwatafuta wenyewe. Binti ana sheria yake moja: miguu kwanza, jina mwisho. Huruhusiwi kutaja shakwe ni wa aina gani mpaka useme miguu yake ina rangi gani, kisha mdomo, kisha mgongo, kisha ncha za mabawa.

"Yule pale!" akasema dereva. "Kahawia, mkubwa. Huyo ni aina ya peke yake, hata simu yangu inakubali."

"Miguu yake?" akauliza binti.

"Miguu sijaiona, yuko majini."

"Basi hujamwona bado, kaka. Tumsubiri atoke."

"Dada, na akikaa humo mpaka kesho?"

"Tutatazama wengine wenye adabu."

Kinyozi alicheka mpaka shuka likamdondoka.

Wengine walikuwa wanatazama ndege. Mimi nilikuwa namtazama daktari. Nilitembea pembeni yake na kitambaa changu cha kahawa, jicho moja njiani, jicho moja kwenye mdomo wake. Mara akapiga miayo, nikashika kifua. Mara upepo ukamletea unywele kwenye meno, akautoa kwa kidole, nikamsaidia. Akanitazama kwa mshangao. Nikamwambia, "Usijibu, Daktari. Endelea hivyo hivyo."

Mbele yetu yule shakwe wa kahawia akatoka majini, akamfuata mweupe mmoja mchangani. Ukubwa wao ulikuwa sawa sawa. Lakini yule wa kahawia alijikunja, akainamisha kichwa, akawa anapandisha na kushusha shingo huku analia pii, pii, pii, na mweupe anageuka huku, na yeye anamzunguka huku.

"Wanagombana," akasema dereva. "Si nilisema? Aina mbili tofauti, wanagombea eneo."

Binti akawaachia darubini kubwa, mmoja mmoja akatazama. Ilipofika zamu ya mke wa mchinjaji, alishika kiuno.

"Jitu zima hili!" akasema. "Linamwomba mama yake chakula! Jamani, mimi ninalo moja kama hili nyumbani, lina ndevu."

"Ndiyo," akasema binti taratibu. "Ni mtoto wake. Ana mwili mzima lakini bado anadhani atalishwa." Akanitazama kidogo. Mimi nikatazama bahari.

Dereva akang'ang'ana. Akasogea mbele, simu mkononi. "Sawa, dada, huyo ni mtoto. Lakini wewe unajuaje kwamba kila wa kahawia ni mtoto? Si wapo wanaokuwa na rangi hiyo hata wakizeeka? Hapa kwenye simu wapo. Sasa utawatenganishaje?"

Lilikuwa swali la kweli. Hata mimi niliona ni la kweli, kwa bahati mbaya. Watu wote wakamgeukia binti. Yeye akafungua mdomo, akaufunga, akatazama chini mchangani. Nilimjua. Ndivyo alivyokuwa anatazama sakafu mwalimu akimwita ubaoni, na jibu analo.

Pembeni yangu nikasikia pumzi inavutwa. Nikageuka. Midomo myekundu ilikuwa imeachana. Meno yalionekana.

Kina mama, mngefanya nini? Mkono wangu ulishuka mfukoni wenyewe, ukatoka na mkate wenye siagi, nikaupeleka moja kwa moja kwenye ule mdomo. "Karibu mkate, Daktari!"

Haukufika. Kitu kilinipita sikioni kama shuka lililokatika kambani siku ya upepo. Mabawa yakanipiga shavu, blanketi la daktari likamfunika uso, watu wakapiga mayowe, na mkate ukaondoka mkononi mwangu ukiwa hewani unaning'inia karibu na miguu ya shakwe. Shakwe wengine ishirini wakainuka wakimfuata. Mke wa mchinjaji alijifunika kofia yake akakaa chini. Daktari akalitupa blanketi nyuma, akanyoosha kidole juu angani, na kwa ile sauti ya kuamrisha watu wasiotoka kwenye kiti akapiga kelele:

"Miguu ya njano! Nimeiona! Ya njano!"

Akaweka mkono mdomoni mwake. Kila mtu alikuwa amesikia. Mimi nilikaa mchangani ndani ya kahawa yangu nikasema basi, nimemaliza kazi. Jana nilimfulia ndege, leo nimemfungulia daktari mdomo.

"HAPANA, DAKTARI!"

Sikuijua sauti hiyo. Nilitazama nyuma kuona ni nani amekuja. Vijana waliokuwa wakicheza mpira mbali kule wakasimama na mpira wao. Binti yangu alikuwa amesimama wima, mkono juu ya macho, anamfuata yule ndege, wala hakumwangalia mtu.

"Ni ya pinki! Cha njano ni siagi ya Mama! Mfuateni, anatua, anatua pale kwenye mwani! Miguu kwanza!"

Darubini zote zikageuka kwa pamoja. Dereva ndiye aliyekuwa karibu na ile kubwa. Akainama. Kisha akasema polepole kama mtu anayetapika sindano, "Pinki. Haki ya Mungu, ni pinki."

"Mdomo?"

"Njano... lakini una weusi kidogo hapa mbele."

"Mkia?"

"Mweupe. Ngoja. Una kahawia kidogo, kama shuka la kinyozi!"

"Ni wa mwaka wa tatu," binti akasema, bado kwa sauti ile ile, kama amesahau kuirudisha. "Na hilo ndilo jibu lako, kaka. Hao wa kwenye simu yako, wanaobaki kahawia mpaka uzeeni, rangi yao imetulia, imepangika kama sare. Kichwa kina rangi yake, mgongo una rangi yake. Hawa wetu hawajatulia. Wamechanganyikana, huku kahawa, huku shuka. Ukiona ndege kama aliyeanza kufuliwa mfuaji akaitwa na mgeni, huyo ni mtoto."

Watu wakapiga makofi. Dereva naye akapiga, akaweka simu mfukoni. Mimi sikuweza kupiga, nilikuwa nashikilia mashavu yangu.

Binti akageuka, ndipo alipokumbuka. Akamwona daktari amesimama, mkono bado mdomoni, na sauti ikarudi kuwa ile ndogo. "Daktari. Umefungua mdomo."

Daktari akaushusha mkono. Rangi nyekundu ilikuwa imesambaa mpaka kidevuni mwake, sasa alikuwa kama shakwe aliyekula nyanya. Mabega yakaanza kumtikisika, nikadhani analia. Alikuwa anacheka.

"Nilisema nikiufungua kukusaidia au kukusahihisha," akasema. "Kukusahihisha sikukusahihisha. Nimesahihishwa mimi, mbele ya watu wote hawa, tena kwa siagi." Akaenda kwenye darubini kubwa, akaikunja miguu yake mitatu, akamtundikia binti begani. Binti akapepesuka, ni nzito. "Na pale mwanzo, kabla ya mama yako kutaka kuniziba, sikuwa naongea. Nilikuwa napiga chafya."

Jamani.

"Ila huyu mama yako asije tena na mkate," akaongeza.

"Haji tena," akasema binti.

"Nakuja," nikasema mimi. "Bila mkate."

Mashuka yote niliyarudisha nyumbani salama, nikayaloweka siku hiyo hiyo, yakatoka meupe. Kitambaa cha meza tu ndicho sikukirudisha kwa mwenyewe. Binti alikwenda mwenyewe kwa mwenye nyumba ya wageni, akamweleza, yule mama akacheka akasema kichukueni, kimeshazeeka. Sasa ni mali ya matembezi ya shakwe. Kinakaa nyuma ya mlango wetu, kwenye msumari, kahawa yake yote ikiwa juu yake, na kila mwezi lazima mtu mmoja akivae awe na mwaka mmoja. Binti amekibandikia karatasi kifuani, herufi kubwa: USIFUE. Wale wa mbao ameshawapaka upya na vanishi juu, na wamefungiwa kabatini. Ufunguo sijui uko wapi, na nimetafuta.

Kwa hiyo nawaambia tena. Ulizeni kwanza. Ndege akiwa mchafu pengine hajachafuka, hajamaliza tu kukua, na maji ya moto hayamharakishi. Mimi nimejifunza. Kile kitambaa kiko hapa mbele yangu ninapoandika, doa moja kubwa karibu na pindo linaniangalia, na lingetoka kwa limau na chumvi bila hata kusugua sana. Mkono mmoja unaandika. Mwingine nimeukalia.